Tulivyomtafsiri Baba

Mwisho wa muhula mkono wangu huchoka kabla ya kichwa. Nafundisha Kiswahili katika shule moja karibu na Chepseon, na siku hizi hatuandiki tena mtoto amekuwa wa ngapi. Tunaandika matarajio. Huyu amezidisha matarajio, huyu ameyafikia, huyu anayakaribia, na yule maskini wa Mungu yuko mbali nayo. Nimeyaandika maneno haya hadi nikiwa jikoni kwangu naonja mchuzi na kujiambia kwamba chumvi inakaribia matarajio. Muhula uliopita, nilipokuwa nikigawa ripoti, msichana mmoja wa dawati la mbele aliisoma yake, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu liko huko, kisha akainua mkono.

"Ticha, haya matarajio ni ya nani?"

Darasa likacheka. Nikamwambia ni ya serikali, akae chini. Sikuwa na ubaya naye. Nilikuwa nimechoka tu, na mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga bati kiasi kwamba hata jibu zuri lisingesikika. Lakini nje, katika jiko la shule, walikuwa wamewasha kuni mbichi za mkaratusi. Moshi wake mkali, ule wenye harufu ya dawa ya kifua, ukaingia kupitia dirisha lililokosa kioo, nami nikamwona baba yangu akinawa mikono.

Baba alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kulisha magogo ya mkaratusi kwenye ule moto unaokausha majani, na kwa ajili hiyo hakuwa na nyusi za kusemea. Zilikuwa zikiota kidogo anapokuwa likizo, kisha akirudi kazini zinaungua tena. Alitoka Chebunyo, kule chini kwenye joto na ng'ombe, ambako chai inajulikana ikiwa kikombeni tu. Mama alitoka upande wa Kisii, akaja na shangazi yake kuchuma majani, wakakutana katika kambi ya wafanyakazi. Baba hakujua Kikisii, naye Mama Kipsigis chake kilikuwa cha kununulia maziwa. Kwa hivyo walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na mimi na kaka yangu Kibet tukazaliwa humo ndani.

Kiswahili cha Mama kilikuwa cha kawaida, cha kambini. Cha Baba kilihitaji kuzoewa. Ulimi wake ulikataa katakata kuanza neno kwa herufi nzito. Duka lilikuwa tuka, gari lilikuwa kari, dawa ilikuwa tawa, na baba mwenyewe alikuwa paba. Mimi na Kibet tulimtafsiri bila kujua kwamba tunafanya kazi yoyote. Mgeni akibaki amekodoa macho, mmoja wetu alimwambia polepole, "Anasema gari," na mazungumzo yakaendelea. Baba akitaka tunyamaze alisema, "Pasi! Pasi!" nasi tukajua ni basi, tukanyamaza. Hatukuwahi kumwambia kwamba tunamtafsiri. Mtu humwambii kila asubuhi kwamba viatu vyake vina vumbi, hasa kama ni baba yako na viatu vyenyewe ndivyo vinavyokulisha.

Siku ya kufunga shule ilikuwa na utaratibu wake nyumbani kwetu. Baba akirudi kutoka zamu ya asubuhi hakugusa ripoti kwanza. Alichukua karai, sabuni ya kipande na jiwe la kusugulia miguu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaisugua ile rangi nyeusi ya lami ya mkaratusi isiyotoka. Kisha alikaa kwenye kigoda mlangoni, akajipangusa kwa shati, akanyoosha mkono. Harufu ya moshi haikuondoka kwa sabuni. Ilikaa kwenye nywele na kwenye pumzi yake, na mpaka leo nikiisikia nahisi kama kuna mtu anakaribia kunikadiria.

Alianza na Kibet, kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa Kibet hapakuwa na haraka.

"Kibet, wewe unataka nini katika hii tunia?" angeuliza. "Mimi nakula moshi kila siku. Unafikiri napenda moshi? Wale mainjinia wanakuja kiwandani na kari, walizaliwa nayo? Hapana. Walikaa tarasani wakasikiza mwalimu. Wewe unasikiza nani? Unasikiza ndege. Pado unacheza mpira na matambara, na wenzako wanaenda."

Angeendelea hivyo hadi Mama aseme chakula kinapoa, na baada ya kula angeendelea tena. Alimtajia Kibet shule kubwa, masomo makubwa, madaraja na mitambo ambayo Kibet angetengeneza. Kibet aliinamisha kichwa, akichora ng'ombe kwa kidole cha mguu kwenye vumbi. Alikuwa mtoto mpole asiyeshika hesabu hata umshikishe kwa koleo, na nadhani sote tulijua isipokuwa Baba.

Kisha ingefika zamu yangu. Baba alichukua ripoti, akaiangalia hadi chini pale mwalimu alipotia sahihi, akatikisa kichwa kidogo, akasema neno moja.

"Pasi."

Akanirudishia. Akanyanyuka kwenda kumwaga maji ya karai.

Miaka ya mwanzo sikujali. Lakini kadiri nilivyokua ndivyo neno lile lilivyonichoma. Nilikuwa nafanya vizuri. Walimu walinipenda, na mmoja wao alisema mbele ya darasa kwamba mimi nitaenda shule ya mbali kwa basi la usiku. Nilitembea hadi nyumbani nikijiandaa kwa hotuba yangu, nikiwazia madaraja yangu na mitambo yangu. Nilitaka Baba aniambie naenda wapi. Nikapewa neno moja, na mimi mfasiri mzoefu nikalitafsiri kama nilivyotafsiri mengine yote. Pasi ni basi. Na basi maana yake ni imetosha.

Ningeweza kulipuuza kama si Moraa. Moraa alikuwa jirani yetu, na nyumba za kambi zilikuwa zimeshikana, ukuta mmoja kwa familia mbili, kwa hivyo hata kikohozi cha kwao tulikijua. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mwerevu, mwenye mwandiko ambao walimu walituonyesha. Siku moja ya kufunga shule nilimsikia babake, ambaye Kiswahili chake hakikuwa na kasoro yoyote, akisema upande wa pili wa ukuta, "Basi. Msichana amejua kusoma na kuandika, basi." Shule ilipofunguliwa Moraa hakuvaa sare. Alivaa aproni ya nailoni, akabeba kikapu mgongoni, akaenda na mamake. Nilimwona akishuka njia ya mashamba huku ukungu ukimmeza kuanzia miguuni, akaniaga kwa mkono kama mtu anayeenda sokoni kununua nyanya.

Kwa hivyo nilijua neno hilo linavyofanya kazi kwa msichana. Nikafikiri Baba, kwa kuwa ni mtu wa huruma, ameamua kuniambia mapema na kidogo kidogo, muhula kwa muhula, ili siku ikifika isiniumize. Sikumlaumu. Hilo ndilo jambo ambalo hunishangaza nikikumbuka, kwamba sikulia wala kuuliza. Watoto ni watiifu kupita kiasi. Wakishaelewa kinachotarajiwa kwao, hata kama wameelewa vibaya, wanaanza kujikata ili waenee.

Nikaanza kujikata. Kampuni ilikataza watoto kuingia kwenye mashamba yake, lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee mwenye shamba dogo la chai, na Jumamosi Mama alikuwa akimchumia. Nikamwomba anichukue. Alifurahi. Nilijifunza kuingia kati ya mistari asubuhi wakati umande bado umekaa juu ya majani na kukulowesha hadi mapajani. Nilijifunza kuvunja majani mawili na kichipukizi chake bila kuangalia, mikono yote miwili ikienda, na kurusha nyuma begani bila kukosa kikapu. Vidole vilipasuka, kisha vikakomaa, vikawa vya kahawia ambayo haitoki hata kwa ndimu.

"Wewe una vidole vya chai," Mama alisema, na hiyo ilikuwa sifa ya kwanza kamili niliyosikia kuhusu maisha yangu ya mbeleni.

Nikaibeba. Mtoto aliyeambiwa imetosha hana sababu ya kubishana na hesabu za sehemu. Mwalimu alipozianza, nikazitazama zile namba zilizobebana mgongoni nikasema hizi si zangu, ni za wanaoendelea. Niliketi vizuri, nikanyamaza, nikaziacha zipite. Insha zangu zikawa fupi. Nilianza kushuka darasani taratibu, kiasi kwamba hakuna aliyeshtuka. Yule mwalimu aliyenitabiria basi la usiku alinitazama siku moja kama anayetaka kusema kitu, kisha kengele ikalia.

Kufunga shule kulipofika, Baba alinawa, akakaa, akaangalia ripoti iliyoshuka, akasema, "Pasi." Nikaona nimeelewana naye kabisa.

Wakati huo Kibet akafanya mtihani wake wa darasa la nane, na hotuba zote zile hazikumsaidia. Matokeo yalipotoka Baba alikaa mlangoni akazungumza hadi sauti ikakauka, na Kibet akachora kundi zima la ng'ombe kwenye vumbi. Mwishowe Baba alisema aende Chebunyo kwa babu apumzishe kichwa, kisha tutaona. Kibet alifunga nguo zake kwenye mfuko wa mbolea uliofuliwa. Nilitegemea alie. Aliondoka akipiga mluzi, na asubuhi hiyo ndiyo niliyomwona kaka yangu akitembea haraka kwa mara ya kwanza. Nyumba ikawa kimya. Baba hakuwa na mtu wa kuhutubia, na kwangu hakuhamishia hata sentensi moja ya zile za Kibet.

Nilimaliza darasa la saba vibaya. Sasa haikuwa kushuka, ilikuwa kuanguka. Nilipewa ripoti yangu nikaikunja bila kuisoma, nikajua tu kwamba Baba atasema neno lake, na kwamba safari hii litakuwa la mwisho, kama la Moraa. Njiani nilifikiria aproni. Nilikuwa nimeshaona moja ya bluu dukani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mboga, zile saga chungu ambazo Baba alikula kwa kumpendeza. Baba alinawa. Akajipangusa. Akachukua ripoti, akaiangalia juu, akaiangalia chini, akarudi juu. Kidole gumba kikakaa pale kwenye hesabu. Hakunirudishia. Alikaa nayo muda hadi Mama akainua macho.

"Hii," Baba akasema, "si pasi."

Nilitafsiri papo hapo. Hii si basi. Haijatosha. Sijui kama nimewahi kupata furaha ya namna ile tena, hata siku niliyoajiriwa. Baada ya miaka yote ya basi, leo si basi! Nilicheka. Nikapiga makofi, nikarukaruka pale mlangoni kama mwana-mbuzi.

"Asante, Baba! Asante!"

Baba akanitazama. "Unacheka?"

"Ndiyo, Baba."

"Nimesema hii si pasi!"

"Nimesikia, Baba. Asante. Nitasoma, hata sekondari nitaenda."

Baba akamgeukia Mama pole pole, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. "Mama Kibet, huyu mtoto ako sawa kichwa?"

Mama aliweka mboga chini. "Hebu kuja hapa," akaniambia. "Baba yako amesema nini?"

"Amesema si basi. Kwamba haijatosha. Siachi shule."

"Na hizo siku zingine zote akishika ripoti, alikuwa anasema nini?"

"Basi."

Mama akafunga midomo, akaifungua kwa mshindo, kama anayemfundisha mtoto wa kunyonya. "Pasi," akasema. "Pa-si. Ya kupita mtihani. Baba yako alikuwa anasema umepita."

Kisha akacheka. Mama alikuwa akicheka kwa mwili mzima, na alijipiga magoti, akafuta macho kwa kanga yenye majani ya saga, akasema wuui, mtoto amejifukuza shule mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilikuwa narudi nyuma kichwani, muhula kwa muhula, nikibadilisha neno moja kila mahali lilipokuwa, na kila lilipobadilika nililiona kosa langu la hesabu limekaa pale likinisubiri. Baba pia hakucheka. Mama alipomwona, kicheko kikamkatikia.

"Kwani mimi nasema aje?" Baba aliniuliza.

Nikaangalia karai.

"Sema. Ile nyumba ya kununua sukari, mimi nasema aje?"

"Unasema tuka, Baba."

"Na watu wengine wanasema aje?"

"Wanasema duka."

Alifikiri. Nilimwona midomo ikienda bila sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akasema, bila hasira, "Si ni hiyo hiyo?"

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Ni hiyo hiyo."

Mama, nadhani ili kuokoa hali, akamgeukia. "Lakini hata wewe, Baba Kibet. Kibet ulikuwa unamwongelesha mpaka ugali inakuwa mawe. Huyu msichana, neno moja tu. Atajuaje iko ndani ya roho yako?"

"Ng'ombe ikitembea yenyewe, kiboko ya nini?" Baba akajibu. "Kibet alikuwa wa kusukuma. Huyu, mimi nilijua atafika."

Alikunja ripoti, akaiweka juu ya kabati ambako nisingeifikia, akaenda kumwaga maji. Nilibaki na maneno yale. Nilijua atafika. Yalikuwa ndiyo matarajio makubwa kuliko madaraja yote ya Kibet, na yalikuwa yangu tangu mwanzo, na hakuna aliyeona haja ya kunijulisha. Tena alisema nilijua. Hakusema najua. Kiswahili hicho kidogo alikipatia sawasawa.

Mwaka wa darasa la nane nilisoma kama mtu anayezima moto. Nilikuwa nimeacha mashimo kila mahali, na ukiziba hili la sehemu unakuta chini yake kuna la asilimia. Niliacha kwenda kuchuma. Mama akaniacha bila kunung'unika, ingawa Jumamosi kikapu chake kilichelewa kujaa. Na Baba, aliyekuwa sasa na sababu ya kunisukuma, hakunisukuma. Alikuwa amejua kwamba tunamtafsiri.

Hili ndilo lililonichosha kuliko masomo. Alianza kuyakwepa maneno yake mwenyewe. Akitaka kunituma dukani alisema niende pale kwa yule mama wa sukari. Gari likawa ile kitu ya magurudumu. Dawa ikawa ile kitu ya mgonjwa. Angeanza sentensi kwa nguvu zake za zamani, akafika mahali akaona neno liko mbele kama shimo barabarani, akasimama, akanitazama, akazunguka. Mara nyingine hakuzunguka, aliacha tu. Nilitamani kumwambia aseme anavyotaka, kwamba hatujawahi kumcheka, kwamba kumtafsiri kulikuwa ndiyo lugha yetu ya nyumbani. Lakini mtoto wa darasa la nane hana maneno ya kumwambia baba yake jambo kama hilo, na labda hata mwalimu wa Kiswahili hana. Tuliishi hivyo, watu wawili wenye adabu, tukiangaliana juu ya sufuria ya ugali.

Nilipita. Si kwa namna ile aliyotabiri yule mwalimu, na shule niliyoitwa haikuwa ya mbali sana, lakini ilikuwa ya bweni na ilikuwa na maabara. Nilikimbia kutoka shuleni hadi kiwandani, nikamsubiri langoni zamu imalizike. Alitoka na jasho, nyusi hakuna. Nikamwambia. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, niliona lilivyojipanga kwenye midomo yake, lile P alilopewa na Mungu, ambalo kwa mara moja katika maisha lilikuwa ndilo lenyewe, sahihi kabisa, halihitaji mfasiri. Hakulisema. Alipangusa mkono kwenye suruali, akanisalimu kwa mkono kama mgeni kutoka makao makuu.

Nikaenda, na nikafika, kama alivyokuwa amejua. Sekondari, chuo cha ualimu, kazi, nyumba ya kupanga yenye stima. Siwezi kusema kwamba nilidhulumiwa. Ila nimegundua kwamba mtu anayetembea mwenyewe hupewa mizigo, kwa kuwa anaonekana ana nafasi mgongoni. Mwalimu mkuu akitafuta wa kusimamia mashindano ya drama, hanitafuti, anaandika tu jina langu. Kwenye ukoo, mgonjwa ni wangu, harusi ni yangu, mtoto wa binamu anayetafuta shule analala kwangu. Wanasema, yule hana shida. Wanasema kwa upendo, na mimi naitikia kwa upendo, na usiku nikivua viatu nahisi hasira ambayo sijui nimpelekee nani.

Mama tulimzika mwaka juzi. Baba alikuwa ameshastaafu na kurudi Chebunyo, na baada ya mazishi umri ulimwingia kwa haraka. Ulianza kwa kumnyang'anya Kiswahili. Kilikuwa cha mwisho kuja na kikawa cha kwanza kuondoka. Sasa anaongea Kipsigis tu, cha wazee, kizito na cha haraka, na mimi ninayefundisha lugha kwa mshahara najua humo salamu, maziwa na majina ya siku za soko. Kibet ndiye anayeishi naye. Kibet ana mke, watoto na ng'ombe wanaojulikana hadi ng'ambo ya mto, na sijamwona akiinamisha kichwa tangu siku ile alipoondoka na mfuko wa mbolea.

Shule ilipofungwa, baada ya yale matarajio, niliteremka Chebunyo. Nilifika mchana, jua likiwaka, nikamkuta Baba amekaa barazani. Nikampa mkono. Hakuuachia. Aliugeuza, akaangalia vidole vyangu vyenye chaki na wino, kisha akaangalia uso wangu kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiangalia ripoti.

Halafu akaanza kuongea.

Aliongea hadi chai niliyoletewa ikafanya utando. Alinyoosha mkono upande wa milima ambako chai iko, akaurudisha, akaugusa kifua chake. Alisita, akakohoa, akaendelea. Alilitaja jina la Mama. Lilipita neno lakwet, yaani mtoto, nikalishika, kisha mengine yakapita yote juu ya kichwa changu, marefu, yameunganika, bila shimo hata moja la kuzunguka. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Kumbe mzee wangu alikuwa msemaji. Kibet alikuwa ameegemea mlango akisikiliza. Mahali fulani alicheka, na mahali pengine akatazama chini akabaki hivyo. Mimi nilikaa mbele ya hotuba yangu, ile niliyoisubiri tangu nikiwa na sare, nikitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Baba akamaliza. Akasubiri.

"Amesema nini?" nikamwuliza Kibet.

Kibet akajikuna kichwa. Hajawahi kuwa mtu wa maneno. "Anasema umechoka," akasema. "Ulale kidogo."

"Hayo yote, Kibet?"

"Kuna mengine. Lakini ni hiyo."

Nilitaka kumshika shati. Nilitaka arudie neno kwa neno, polepole, kama ninavyowalazimisha wanafunzi wangu. Lakini Baba alikuwa ameshanyanyuka. Aliingia ndani akishika ukuta, akafukuza kuku aliyekuwa ametagia kitandani mwake, akakung'uta blanketi, akalinyoosha pembe kwa pembe. Akanionyesha kwa kidevu. Nikaenda. Nilipolala alitoka nje akavuta mlango nyuma yake ili jua lisinifikie, na nikasikia kigoda kikiburutwa, akakaa pale pale mlangoni.

Nililala na viatu miguuni, mchana kweupe, na hakuna aliyeniamsha.